Kitambaa Kimoja kwa Mwezi



Kujua kusoma ni kazi mbili. Ya kwanza twajifunza shuleni: herufi, silabi, neno, sentensi. Ya pili wengi hawakufundishwa na mtu, nayo ni kusikia lile ambalo karatasi inalisema bila kuliandika. Mtu akikuambia, «Nirudishie jembe langu,» kwa kinywa amesema neno moja tu, kwamba anataka jembe. Lakini chini yake amesema mengine mawili: kwamba jembe ni lake, na kwamba wewe ndiwe uliye nalo. Ukimjibu, «Nitakurudishia kesho,» umekwisha kuyakubali yote matatu, hata kama jembe lilikuwa la marehemu baba yako. Siku ya kwenda mbele ya wazee utapata taabu kulidai.

Maneno ya namna hii yamo katika kila karatasi: barua ya deni, hati ya shamba, gazeti, tangazo la serikali. Mengine yamesemwa wazi, waweza kuyawekea kidole. Mengine yamelala chini ya yale ya wazi kama mizizi. Huyaoni, lakini ndiyo yanayoushika mti. Msomaji mwangalifu huuliza mara mbili. Kwanza: karatasi hii yasema nini? Tena: ili neno hili liwe kweli, ni neno gani jingine ambalo nimekwisha kulikubali bila kuulizwa?

Sitaki kulifundisha jambo hili kwa kanuni. Nataka tusome pamoja karatasi chache za nchi yetu ya Kongo, zilizoandikwa tangu mwaka 1884, maana babu zetu walizilipia kwa ardhi yao, na wengi kwa maisha yao.

Karatasi ya Ngombi na Mafela

Tangu mwaka 1879 Stanley, yule ambaye watu walimwita Bula Matari, alikuwa akifanya kazi kwenye mto Kongo kwa ajili ya Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Alikata njia, alijenga vituo, na yeye pamoja na wasaidizi wake walikusanya alama za masultani juu ya makaratasi mamia. Mfalme alikuwa amewaagiza watu wake kwamba mapatano yawe mafupi kadiri iwezekanavyo, na kwamba katika vifungu vichache yampe kila kitu.

Moja la mapatano hayo laweza kusomwa hata leo, kwa sababu Stanley mwenyewe alilipiga chapa katika kitabu chake cha mwaka 1885. Ni la tarehe 1 Aprili 1884, nao waliotia alama ni masultani wa Ngombi na Mafela. Limeandikwa kwa Kiingereza. Nitaeleza yaliyomo kwa maneno yangu. Masultani, kwa hiari yao wenyewe, kwa ajili yao na ya warithi wao hata milele, wanauachia Ushirika wa Kimataifa wa Kongo enzi na haki zote za kutawala nchi zao. Wanaahidi kuusaidia Ushirika, kwa kazi au kwa namna nyingine, katika ujenzi na safari zote utakazozitaka mahali popote pa nchi hizo. Njia zote na mito yote, haki ya kutoza ushuru humo, wanyama wa kuwinda, samaki, madini na misitu, vyote vinakuwa mali ya Ushirika kabisa. Malipo ni haya: kila sultani aliyetia alama atapewa kitambaa kimoja kwa mwezi, pamoja na zawadi ya nguo siku ile ile.

Msomaji wa kwanza hushtuka kwa sababu ya bei. Kitambaa kimoja kwa mwezi! Ni haki yake kushtuka. Lakini akiishia hapo, amekamatwa na mtego ule ule wa jembe. Maana anayesema, «Bei hii ni ndogo mno,» amekwisha kukubali kwamba palikuwa na kitu cha kuuza, na mwenye ruhusa ya kukiuza. Je, palikuwa naye?

Karatasi haisemi popote kwamba sultani ana haki ya kuigawa nchi milele. Inasema tu kwamba anaigawa. Haki yenyewe imepita chini chini, kama mtu apitaye nyuma ya nyumba. Katika makabila mengi ya nchi yetu nchi ilikuwa ya wazee waliokufa, ya walio hai, na ya watoto ambao hawajazaliwa. Sultani au bwana wa udongo aliwagawia watu mahali pa kulima, aliamua mashauri, alipokea mguu wa nyama ya mwindaji. Kuiuza nchi hakukuwa ndani ya kazi yake, kama vile mlinzi wa ghala hana ruhusa ya kuuza mtama wa kijiji. Wazungu walioandika karatasi walikuwa na mazoea ya kwao: kwao ardhi ilipimwa, ikaandikwa, ikauzwa. Waliandika kana kwamba dunia nzima ina mazoea hayo.

Twende kwa lile neno «kwa hiari yao wenyewe». Nani aliliandika? Si sultani. Mkono wa sultani uliandika alama ya msalaba tu, na pengine hata hiyo aliandikiwa. Aliyeandika neno «hiari» ni yule anayepokea nchi. Neno hilo laonyesha kwamba mpokeaji alitaka wasomaji wa Ulaya waamini kwamba palikuwa na hiari. Laonyesha hilo tu, wala si zaidi. Mara nyingi karatasi inapojihakikishia jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, hapo ndipo pa kusimama na kutazama.

Na mkalimani je? Alitumia neno gani kwa ile «enzi»? Twajua kwamba Stanley alichanjana damu na masultani wengi, akawa ndugu yao kwa desturi ya nchi. Basi chukua kile kitambaa, kitazame kwa macho mawili. Kwa jicho la Ushirika, ni bei ya nchi. Kwa jicho la mwenyeji, mgeni anayemletea mwenye nchi nguo kila mwezi ndiye anayekiri kwamba yeye ni mgeni. Wasafiri wa zamani wa Kiswahili waliiita hongo. Si rushwa kama watu wanavyolitumia neno hilo siku hizi, bali malipo ya mpita njia kwa mwenye nchi. Kila kitambaa kilichofika kilikuwa ushahidi kwa sultani kwamba nchi ingali yake, na ushahidi kwa Ushirika kwamba si yake tena. Kitambaa ni kimoja!

Bado kuna maneno madogo ambayo jicho huyaruka: «kwa kazi au kwa namna nyingine». Kazi ya siku ngapi? Ya nani, ya sultani au ya vijana wake? Kwa mshahara gani? Karatasi imenyamaza. Mahali iliponyamaza ndipo palipojazwa baadaye na mzigo kichwani, na kikapu cha mpira, na kamba shingoni.

Jina na bendera

Sasa tuangalie jina: Ushirika wa Kimataifa wa Kongo. Jina lenyewe ni dai. Linasema kwamba mataifa mengi yameshirikiana. Mwaka 1876 Leopold alikuwa amewaita mjini Brussels wataalamu na wasafiri wa nchi mbalimbali, na hapo kikaundwa chama cha Kimataifa cha Afrika, ambacho shabaha yake ilitangazwa kuwa elimu ya nchi na kukomesha biashara ya watumwa. Baadaye ikaja kamati nyingine, ya mwaka 1878, kisha huu Ushirika wa Kongo. Majina yalifanana, na bendera ikawa ile ile: ya samawati yenye nyota moja ya dhahabu. Watu wengi wa Ulaya na Marekani hawakutambua kwamba chama cha kwanza kilikuwa cha watu wengi, na huu wa mwisho ulikuwa wa mtu mmoja, yaani mfalme mwenyewe.  Jina na bendera vilitosha.

Mjini Washington mfalme aliwakilishwa na Henry Shelton Sanford, aliyekuwa zamani mjumbe wa Marekani katika Ubelgiji. Alionyesha nakala za mapatano ya masultani. Wanahistoria wamegundua kwamba nakala hizo zilikwisha kupunguzwa, yakaondolewa maneno yaliyoufanya Ushirika uwe na biashara yote peke yake. Tarehe 22 Aprili 1884, wiki tatu tu baada ya karatasi ya Ngombi na Mafela, Marekani iliitambua bendera ya nyota kama bendera ya serikali rafiki. Ilikuwa ya kwanza kufanya hivyo.

Palikuwa na kizuizi kimoja. Ushirika haukuwa serikali. Je, chama cha watu binafsi chaweza kupewa enzi? Wanasheria wawili wenye sifa, Mwingereza Travers Twiss na Mbelgiji Egide Arntz, waliulizwa, wakajibu kwamba masultani wenye kujitawala waweza kuukabidhi utawala wao kwa chama. Naomba msomaji alishike jibu hilo vizuri, maana tutalirudia. Ili liwe kweli, lazima masultani wawe wafalme kamili, wenye nchi iliyo yao. Mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho.

Juu ya mkutano wa Berlin sitakaa sana; wengi wamekwisha kusoma habari zake. Ulianza tarehe 15 Novemba 1884, ukaisha tarehe 26 Februari 1885. Mataifa 14 yalikuwako, wala hapana sultani hata mmoja wa Afrika aliyeitwa. Kifungu cha tano kilikataza mtu yeyote kupewa biashara peke yake katika bonde la Kongo. Kifungu cha sita kiliahidi kuwalinda wenyeji na kuangalia hali yao iwe njema. Ni maneno mazuri. Lakini anayeahidi kulinda amedokeza kwamba mlinzi yupo, na tume ya kimataifa iliyotajwa katika karatasi hiyo haikuundwa kamwe.

Neno moja la Kifaransa

Tarehe 1 Julai 1885 serikali mpya ya Kongo ilitangazwa, na siku ile ile Francis de Winton, aliyeiongoza huku kwetu kwa niaba ya mfalme, alitoa amri juu ya ardhi. Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinasema mambo matatu: hakuna mwenye ruhusa ya kukaa bila hati juu ya ardhi iliyo wazi, hakuna mwenye ruhusa ya kuwanyang'anya wenyeji ardhi wanayokaa, na ardhi iliyo wazi ihesabiwe kuwa mali ya Serikali.

Mtu akiisoma haraka, ataisifu. Hata inawalinda wenyeji! Ndiyo, la pili ni ulinzi wa kweli, limeandikwa kwa wino. Lakini uzito wote umetundikwa juu ya neno moja, lile la Kifaransa «vacantes», yaani ardhi zilizo wazi, zisizo na mtu. Amri haikusema ni ardhi ipi iliyo wazi. Ilisema tu kwamba ziko, na kwamba ni za Serikali.

Basi uliza mtu wa kijijini. Shamba nililolima miaka mitatu, nikaliacha lipumzike miaka minane ili nguvu za udongo zirudi, je, ni wazi? Msitu ambamo babu yangu alitega mitego, nami natega? Kijito ambamo wanawake huvua samaki wakati wa kiangazi? Matongo ya kijiji cha zamani, pale palipo na makaburi yetu na michikichi tuliyoipanda? Mwenyeji atacheka, ataita kila mahali kwa jina, na kukutajia ni ukoo gani wenye haki hapo. Lakini ofisa aliyesimama kwenye njia na kutazama aliona vibanda, na mashamba ya mihogo kando yake, kisha msitu. Aliandika: hapana mtu.

Sasa turudi kwa wale wanasheria wawili. Mwaka 1884 ilibidi masultani wawe wafalme wenye nchi nzima, misitu na mito na madini, ili waweze kuitoa. Karatasi ya Ngombi na Mafela inaitaja misitu kwa jina. Mwaka 1885, nchi ilipokwisha kutolewa, misitu ile ile ikawa haina mwenyewe. Ikiwa msitu haukuwa na mwenyewe, kitambaa kililipiwa nini? Na ikiwa ulikuwa naye, amri ilipata wapi neno «wazi»? Karatasi hizi mbili haziwezi kusema kweli zote mbili. Lakini ziliwekwa katika masanduku mbalimbali, moja ya kuonyesha mataifa, nyingine ya kuwaonyesha wenyeji, na katika miaka ile wachache sana walizilaza juu ya meza moja.

Hata watu hodari waliingia katika mtego wa namna hii. Tippu Tip, tajiri wa Maniema, aliyewatawala watu wengi kati ya Kasongo na maporomoko ya Stanley, si mtu wa kudanganywa na shanga. Tarehe 24 Februari 1887, mjini Zanzibar, alikubaliana na Stanley awe wali wa Serikali ya Leopold kwenye maporomoko hayo, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Aliruhusiwa kuendelea na biashara yake. Alitakiwa kupandisha bendera ya nyota. Labda aliona amepata mshahara kwa kutawala mahali ambapo alikwisha kutawala. Lakini mtu akikuajiri ulinde nyumba, nawe ukapokea mshahara, umekwisha kusema kwamba nyumba si yako. Miaka mitano baadaye vita vikaanza kati ya Serikali na waungwana wa Maniema, navyo vilipoisha mwaka 1894 hapakuwa na mtu wa kuuliza nyumba ni ya nani.

Wasomaji wawili

Mwaka 1890 alifika Kongo Mmarekani mweusi, George Washington Williams. Alikuwa amepigana kama askari katika vita vya kuwakomboa watumwa, akawa mchungaji wa Kiprotestanti, akasoma sheria, akaandika historia ya watu weusi wa Marekani. Alikuwa amekutana na mfalme Leopold mwaka uliotangulia, na alimsifu. Alikuja na maneno mazuri ya mfalme kichwani, akapanda mto, akatazama. Tarehe 18 Julai 1890, akiwa kwenye maporomoko ya Stanley, karibu na mahali ulipo mji wa Kisangani leo, alimwandikia mfalme barua ya wazi. Aliyachukua yale yaliyotangazwa Ulaya, neno kwa neno, akaweka kando yake yale aliyoyakuta. Serikali yasema inalea wenyeji: hospitali iko wapi? Shule iko wapi? Serikali yasema nchi imepatikana kwa mapatano: mapatano hayo yalipatikanaje?

Hapo alitaja hila: waya wa umeme uliofichwa chini ya nguo, ili sultani akishikana mkono na Mzungu ajione anapigwa na nguvu ya ajabu, kioo cha kuwashia sigara kwa jua, masanduku ya pombe kali. Lakini hata Williams tumsome kwa jicho lile lile, maana ni haki. Mapatano mengi yalitiwa alama kabla yeye hajafika. Basi hila hizo hakuziona kwa macho, alisimuliwa. Aliyoyaona yeye mwenyewe, yaani vituo bila shule, watu wafungwa, vijiji vinavyonyang'anywa chakula na askari, yana nguvu kuliko aliyoyasikia. Mtu anayetupendeza naye ana maneno ya wazi na ya chini. Williams alikufa Uingereza mwaka 1891, akiwa na miaka 41, na kwa muda mrefu barua yake ikasahauliwa.

Msomaji wa pili hakujua kusoma hata herufi moja. Ni Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyekaa Bunkeya katika Katanga. Mwaka 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika na karatasi ya kutia alama. Msiri hakukitazama kitambaa. Alitaka kujua karatasi ina maneno gani. Alipofasiriwa maana yake, alikataa, na Sharpe akaondoka mikono mitupu. Mwaka uliofuata, tarehe 14 Desemba 1891, msafara wa kapteni Stairs ulifika kwa niaba ya Leopold. Msiri alikataa tena kuipokea bendera. Tarehe 20 Desemba kapteni Bodson alimpiga risasi akafa, na Bodson mwenyewe naye akapigwa risasi, akafa. 

Nimeiweka habari hii kwa makusudi, maana sipendi kuwadanganya vijana kwamba mwenye kusoma vizuri atashinda daima. Msiri alisoma vizuri kuliko wengi waliojua herufi. Lakini angalia: kwa sababu alikataa, hakuna anayeweza kuchukua karatasi leo na kusema kwamba Msiri aliitoa Katanga kwa hiari yake. Ilibidi ichukuliwe kwa bunduki mbele ya watu wote, na historia imeandika hivyo.

Mpira

Mwaka 1888 Dunlop alikuwa ametengeneza gurudumu la mpira lenye upepo ndani, na baada ya miaka michache Ulaya na Marekani zikawa na njaa ya mpira. Kamba za mpira zilikua zenyewe katika misitu yetu, yaani katika ile ardhi «iliyo wazi». Tarehe 21 Septemba 1891 mfalme alitia sahihi amri ya siri kwa makamishna wa Uele na Ubangi: wachukue hatua za haraka kuhifadhi kwa ajili ya Serikali mazao ya ardhi yake, hasa pembe na mpira. Haikutangazwa katika gazeti la serikali. Mantiki yake ni fupi: ardhi wazi ni yetu, mpira umeota katika ardhi wazi, basi mwenyeji anayeuza mpira kwa mfanya biashara ni mwizi, na anayenunua amenunua mali ya wizi. Ukikubali neno la mwaka 1885, huwezi kulikataa la mwaka 1891. Na kile kifungu cha tano cha Berlin? Walijibu kwamba biashara ingali huru. Ila hapakubaki kitu cha kuuza.

Yaliyofuata wazee wetu waliyasimulia: kipimo cha mpira kwa kila mwanamume, wake waliofungwa mpaka kikapu kijae, mikono iliyokatwa. Roger Casement, konsuli wa Uingereza, alipanda mto mwaka 1903, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1904. Lakini kabla yake karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, alikuwa amekwisha kuona jambo bila kufika Kongo. Kazi yake ilimpeleka bandari ya Antwerp. Alisoma hesabu ya mizigo: meli zilikuja zimejaa mpira na pembe, zikarudi Kongo na bunduki, risasi na maofisa, lakini bidhaa za biashara chache mno. Hesabu ile haikusema neno lolote juu ya wenyeji. Morel alijiuliza tu: watu hawa wanalipwa kwa nini, ikiwa hakuna kinachokwenda?

Kelele zikazidi, na mwaka 1904 mfalme akatuma tume ya watu watatu, Mbelgiji, Mwitaliano na Mswisi. Taarifa yao ilitokea Novemba 1905. Pamoja na habari za mateso, walitia kidole penyewe: walisema kwamba neno la ardhi ya wenyeji limefasiriwa kwa wembamba mno, likabaki vibanda na mashamba tu, na kwamba likifuatwa hivyo mwenyeji hana msitu wala mazao yake, anafungwa mahali alipo. Miaka 20 ilikuwa imepita tangu neno «wazi» liandikwe.

Ndipo amri ya tarehe 3 Juni 1906 ikaeleza, kwa mara ya kwanza kwa uwazi, ardhi ya wenyeji ni ipi: ni ile wanayokaa, wanayolima, au wanayoitumia kwa namna yoyote kwa kufuata desturi za mahali pao. «Kwa namna yoyote»: humo mna mitego, na kijito, na matongo. Lakini kuipima na kuiandika kukaachwa mikononi mwa Serikali ile ile, na tarehe 15 Novemba 1908 Kongo ikapita kwa Ubelgiji pamoja na makaratasi yake.

Msomaji anayetaka kuona mwisho wa safari ya maneno hayo atafute sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyotolewa miaka 13 baada ya uhuru. Kifungu cha 387 kinasema kwamba ardhi zinazokaliwa na jamaa za wenyeji zinakuwa mali ya Serikali. Kifungu cha 388 kinaeleza ardhi hizo ni zipi, na maelezo yake ni yale yale ya mwaka 1906: wanazokaa, wanazolima, wanazotumia kwa namna yoyote kwa kufuata desturi. Na kifungu cha 389 chasema kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi hizo zitawekwa na amri ya Rais. Limeandikwa kwa wakati ujao: zitawekwa.